Uani kwa Bibi, Barazani kwa Mjumbe

Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam ina ramani moja, na mtoto yeyote aliyekulia Magomeni, Ilala au Temeke anaweza kukuchorea kwa kijiti mchangani. Mbele kuna baraza. Mlango mkubwa uko katikati, unaingia ukumbini, na ukumbi unanyooka hadi mlango wa nyuma. Vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto. Nyuma ni uani: jiko, stoo, bafu, choo, kamba za kuanikia nguo, na uzio unaokutenga na jirani lakini haukuzuii kusikia anachomwambia mumewe. Kila chumba kina familia yake, au vijana wawili watatu wanaochangia kodi. Vyumba sita, choo kimoja. Ukitaka kujua ujirani wa mji huu umetoka wapi, anzia kwenye hesabu hiyo.

Mimi nimezaliwa katika nyumba ya namna hiyo Magomeni na ninaishi humo hadi leo. Naiandika habari yake kwa sababu nyumba hizi zinabomolewa kila mwaka, na wanaozibomoa wanadhani kinachoondoka ni matofali na mabati tu.

Nyumba hizi hazikuota zenyewe kama uyoga. Wajerumani walipohamishia makao ya serikali yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walianza kuugawa mji kwa aina ya majengo. Waingereza waliouteka mwaka 1916 wakaukaza mgawanyo huo: upande wa bahari majumba ya Wazungu, katikati maduka na nyumba za Wahindi, na ng'ambo ya Mnazi Mmoja, katika eneo la tatu, mtu aliruhusiwa kujenga kwa miti na udongo na kuezeka makuti. Mnazi Mmoja uliachwa wazi makusudi ili eneo hilo la tatu lisigusane na mengine. Ng'ambo hiyo ndiyo Kariakoo, ambako mitaa ya Narung'ombe, Mahiwa na Tandamti imepewa majina ya mahali palipopiganwa kule kusini mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza. Serikali ilipima viwanja kwa mistari iliyonyooka, ikatoza kodi ya kiwanja, na ujenzi ikamwachia mwenyewe. Kariakoo ilipojaa, watu wakasogea Ilala, na katika miaka ya 1950 vikapimwa viwanja vya Magomeni, Temeke na Kinondoni. Mwalimu Nyerere aliishi Magomeni miaka hiyo ya kudai uhuru, na nyumba yake ya Mtaa wa Ifunda sasa ni makumbusho. Afisa wa kikoloni J.A.K. Leslie alifanya uchunguzi wa maisha ya Waafrika wa mji huu mwaka 1957, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1963 kimejaa nyumba hizihizi za vyumba vya kupangisha.

Bibi yangu mzaa mama alitoka Kisarawe na alikuwa akiuza maandazi na vitumbua. Alipopata kiwanja Magomeni hakujenga kwa mkupuo. Alianza na vyumba viwili vya mbele: boriti za mikoko kutoka Rufiji, fito, udongo mwekundu uliokandikwa na majirani kwa ujima, na makuti juu. Kimoja akalala yeye na mama yangu, cha pili akapangisha. Kodi ya chumba cha pili ikanunua boriti za chumba cha tatu, na ya cha tatu ikasogeza cha nne. Hivyo ndivyo nyumba nyingi za mji huu zilivyojengwa, na wanawake wengi walioachika au kufiwa walizitegemea uzeeni, kwa sababu muuza maandazi hana kiinua mgongo. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, vibanda vyetu vilikuwa chini mno ya kiwango hicho. Mwenye nyumba wa Uswahilini akabaki na nyumba yake, tena akabaki akiishi ndani yake pamoja na wapangaji. Hilo la mwisho ndilo lililojenga desturi ninayoieleza.

Mwenye nyumba anayelala chumba cha kwanza kulia, anayepanga foleni ya choo alfajiri kama wengine, hawezi kusema "mtajijua wenyewe". Bibi alikuwa na sheria chache, na zote zilihusu uani. Kubwa kuliko zote ilikuwa zamu. Kila chumba kilikuwa na wiki yake ya kufagia ukumbi na uani, kuosha bafu, na kusugua choo kwa maji ya povu yaliyobaki kwenye kufua. Hapakuwa na orodha ukutani. Palikuwa na ufagio wa chelewa. Ukimaliza wiki yako unauegemeza kwenye mlango wa chumba kinachofuata, na mwenye chumba akiamka akaukuta, amepata habari.

Kulikuwa na vijana wa chumba cha tano, makuli wa bandarini, waliokuwa wakirudi usiku na kuusogeza ufagio mlango unaofuata kana kwamba wiki yao imekwisha. Bibi hakugomba. Alfajiri, baada ya kuswali, aliuchukua na kuanza kufagia yeye, taratibu, kuanzia mlangoni kwao, akikohoa kidogo. Kijana mmoja alitoka amejifunga shuka, akapiga magoti kuuomba ufagio: "Shikamoo bibi, niachie mimi, bibi." Bibi akamwambia, "Marahaba baba, mimi nilidhani wiki hii hampo." Wiki hiyo choo kilisuguliwa mpaka kikang'aa, na tangu hapo ufagio haukutembea tena usiku.

Baada ya choo, kilichofuata kwa ugomvi kilikuwa maji. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959 na wa Ruvu Chini mwaka 1976, lakini bomba la kuingia uani lilikuwa jambo la wachache. Wengi tulichota kwenye bomba la mtaa, au tulinunua kwa mchuuzi aliyepita na madebe mawili ya mzega begani, baadaye na mkokoteni wa madumu. Kwenye bomba la mtaa chombo kilikuwa kinashika nafasi ya mtu. Unaweka debe lako usiku, unakwenda kulala, unarudi alfajiri unalikuta mahali pake. Anayelisogeza debe la mwenzie amechokoza vita, na nimewaona mama zetu wakivuana kanga kwa jambo hilo. Palipokuwa na ugonjwa au mzazi, foleni ilifunguliwa bila mjadala: "Pisheni, yule ana mtoto mchanga." Desturi hiyo haikuandikwa na serikali yoyote.

Ugomvi uliovuka uzio wa nyumba moja ulihitaji mtu mwingine. Enzi za Mwingereza kesi za Waafrika zilikwenda kwa Liwali, na mbali na huko watu walitegemea wazee wao, mashehe, na vyama vya watu wa kwao ambavyo kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzikana. Baada ya uhuru, TANU ikaleta mpango wa nyumba kumi kumi, ambao katikati ya miaka ya 1960 ulikuwa umeenea nchi nzima. Kila nyumba kumi zilichagua mjumbe wao, na sehemu nyingine walimwita balozi. Kazi yake rasmi ilikuwa ya chama: kukusanya ada, kueleza siasa, kuitisha mikutano, kujua mgeni ameingia nyumba gani. Ukitaka kazi, au dhamana polisi, uliambiwa ulete barua ya mjumbe. Lilikuwa jicho la chama mlangoni kwako, na wapo waliolitumia jicho hilo kuonea wenzao. Sitaki kulipaka rangi.

Lakini mjumbe huyohuyo ndiye aliyeamua kesi za maji machafu, na hapo sijaona wa kumlinganisha naye.

Wetu alikuwa mstaafu wa bandari, mtu wa Lindi, mwenye baraza pana lenye sakafu nyekundu. Mwaka mmoja wa masika makali, jirani wa upande wa juu alitapisha choo chake. Wenyeji wa Dar es Salaam wanajua ninachosema: shimo limejaa, mvua kubwa inanyesha, mtu anatoboa shimo ubavuni usiku ili yaliyomo yaondoke na maji ya mvua. Asubuhi uchafu ulikuwa umepita nyumba tatu, umeingia uani kwetu, umelowesha kuni na magunia ya mkaa. Bibi alilia. Vijana walitaka kwenda kumpiga.

Mjumbe akapita nyumba kwa nyumba akisema kikao ni baada ya Alasiri. Watu wakajaa barazani kwake, wanawake upande mmoja kwenye mikeka, wanaume kwenye ngazi na viti vya kukunja. Hakuanza na mshitakiwa. Alimuuliza kila mwenye nyumba swali moja: shimo lako limebakiza futi ngapi? Watu wakaanza kuangaliana. Ikaonekana nyumba tano kati ya kumi mashimo yao yamefika juu, na yule bwana ametangulia tu kufanya ambalo wengine walikuwa wanalipangia usiku wao. Ndipo mjumbe akakata shauri. Aliyetapisha achimbe mtaro, asafishe nyua zote zilizoingiwa, amwage jivu na udongo mpya, tena mchana watu wakimwona. Akamlipe bibi mkaa wake. Na nyumba tano zenye mashimo yaliyojaa zichange kuwaleta vyura, wale watu wanaoingia shimoni kukomba, kabla ya Ijumaa. Faini ya nyongeza ilikuwa kahawa na kashata kwa kikao kizima. Yule bwana akatuma mtoto akaite muuza kahawa, vikombe vikazunguka, na yeye mwenyewe akampelekea bibi kikombe cha kwanza kwa mikono miwili.

Nimeifikiria hukumu ile mara nyingi. Mjumbe aliweza kuuliza swali lile kwa sababu na yeye choo chake kilikuwa cha shimo, na harufu ile ilikuwa imemfikia na yeye. Bwana afya angetoza faini akaondoka, na masika yaliyofuata wangetapisha watano.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya vita vya Kagera na mafuta kupanda bei, mjumbe akapata mzigo mwingine. Sukari, unga, sabuni na khanga viliadimika, na kwetu vilipopatikana dukani viligawiwa kwa orodha ya nyumba kumi. Hapo urafiki wa mtaa ulipimwa kwelikweli. Mjumbe aliandika idadi ya watu wa kila chumba, na watu walimletea majina ya wajomba waliokuwa wamelala makaburini Kisarawe. Wapo wajumbe walioota vitambi miaka ile. Wetu aligawa kilo za sukari hadharani barazani, kwa kikombe kilekile, orodha ikisomwa kwa sauti, na kila nyumba ikisikia jirani amepata kiasi gani.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, mjumbe wa nyumba kumi alibaki kuwa wa CCM, chama kilichorithi TANU, peke yake. Kisheria lilikuwa jambo la haki, maana huwezi kumlazimisha mwanachama wa chama kingine akahukumiwe na kiongozi wa chama asichokitaka. Mwaka 1994 ukafanyika uchaguzi wa wenyeviti wa mitaa, ukaendelea kila baada ya miaka mitano, na barua ya utambulisho ikahamia ofisi ya serikali ya mtaa. Hasara ilikuwa kwamba mahali pa mjumbe hapakujazwa. Mtaa mmoja wa Dar es Salaam una maelfu ya watu, mwenyekiti mmoja na mtendaji mmoja. Mwenyekiti ana mikutano, ana migogoro ya viwanja, ana mihuri ya kugonga. Ukimpelekea habari ya maji ya kufulia yanayomwagwa mlangoni kwako, atakusikiliza kwa heshima, kisha atakwambia nenda Baraza la Kata, na Baraza la Kata litakuandikia hati ya wito. Ukifika hapo wewe na jirani yako hamsalimiani tena.

Mambo ya uani nayo hayakungoja. Miaka ya 1990 ikaja LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia, na nyumba ya vyumba sita ikawa na mita moja. Choo kilikuwa na zamu, umeme hauna. Chumba hiki kina taa moja na redio, kile kina jokofu, feni na pasi, na kuna kijana anayenyoa watu ukumbini kwa mashine. Uniti zikiisha saa 3 usiku, milango yote inafunguliwa na swali ni moja: nani hajatoa? Nyumbani kwetu tulimaliza kwa kuhesabu vifaa. Kila kifaa kikapangiwa fungu lake la mchango, jokofu mara tatu ya taa, na anayepiga pasi ya nguo za dukani akaambiwa anunue uniti zake. Nyumba nyingine zimeweka submita kila chumba. Nazikubali submita, zinapunguza maneno, ila naona pia kwamba nyumba zilizoziweka watu hujifungia zaidi.

Taka sitazisemea sana. Mwaka 1994 jiji lilianza kuwapa makampuni binafsi kazi ya kuzoa, na tangu hapo ugomvi umekuwa kati ya mtaa na mzoataka anayekuja kuchukua ada na kusahau kuchukua taka. Kodi ni jambo zito zaidi. Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na mpangaji wa leo anadaiwa miezi sita au mwaka mzima mkononi. Mwenye nyumba mpya haishi ndani. Anakaa Tegeta au Kigamboni, anamtuma dalali, na choo kikijaa anapokea simu akiwa mbali na harufu.

Kilichobaki kizima ni msiba. Ukifa Magomeni, hata kama ulikuwa hujamsalimia mtu mwaka mzima, turubai litafungwa kutoka nyumba moja hadi nyingine, mtaa utazibwa, viti vitaletwa, na chini ya mwembe au kwenye meza ya plastiki atakaa mtu na daftari. Nimekaa na daftari hilo mara nyingi. Lina safu tatu: jina, nyumba, kiasi. Mama wa chumba cha tatu, shilingi 2,000 na kilo ya mchele. Muuza chipsi, mkaa. Kijana wa bodaboda, safari mbili za kwenda kununua sanda, bila malipo. Watani wa Kinyamwezi wakija kwenye msiba wa Kizaramo watafanya vituko vyao mbele ya maiti mpaka wafiwa wacheke huku wanalia, na wataondoka na chochote walichokamata. Usiku wa tatu daftari linasomwa mbele ya watu wote. Hapo ndipo watu waliogombana kwa sababu ya LUKU wanasikia majina yao yamefuatana kwenye ukurasa mmoja, na nimewaona wakipeana mikono bila mtu kuwaambia.

Sasa ghorofa zimekuja. Kariakoo nyumba za vyumba sita zimekwisha karibu zote, na Magomeni zinaondoka moja moja. Magomeni Kota, nyumba za serikali za zamani zilizovunjwa, zimekuwa maghorofa yaliyozinduliwa Machi 2022 kwa familia 644. Wenzetu waliorudi kuishi pale wamepata maji ndani, vyoo vya kuvuta na umeme wa kila mmoja, na hakuna mtu mwenye akili atakayewaombea warudi kwenye choo kimoja. Mimi nimekisugua choo hicho, sikitamani. Lakini matatizo yamepanda ngazi pamoja nao: maji ya kudondoka kutoka juu, moshi wa mkaa kwenye varanda, muziki wa saa 7 usiku, lifti iliyokwama, mtoto anayepiga mpira juu ya kichwa cha mgonjwa. Familia nyingi zinapanda ngazi zilezile, na mchana mlango wa mtu ukifungwa humjui tena.

Nawaomba wenye nyumba wenzangu ambao mmeshauza au mnataka kuuza: mkiandikiana na mjenzi, mdai aache mahali pa kukaa chini ya jengo, penye kivuli na mabenchi, pasipogeuzwa duka. Nawaomba nanyi wapangaji wa ghorofa msimsubiri mwenyekiti wa mtaa. Kila ngazi ichague mtu wake mmoja, asiyetokana na chama chochote, anayeishi hapohapo na anayepandisha maji yake kwenye ngazi hizohizo lifti inapoharibika. Mpeni daftari. Mara moja kwa mwezi akiwaita, shukeni.